Mtakatifu Odilo, Abate Aliyetuachia Siku ya Marehemu

Kila mwaka ifikapo tarehe 31 Oktoba, katika nchi nyingi za Ulaya na Marekani, ambako wakati huo miti hupukutisha majani na usiku huanza kuwa mrefu kuliko mchana, watu husherehekea sikukuu iitwayo Halloween. Watoto huvaa mavazi ya kutisha, wengine kama vizuka, wengine kama mifupa ya maiti, wengine kama wachawi; kisha huchukua vikapu na kugonga mlango baada ya mlango wakiomba peremende. Mbele ya nyumba huwekwa maboga yaliyotobolewa macho na meno, na ndani yake huwashwa taa. Desturi hiyo imeanza kuonekana hata katika baadhi ya kumbi za starehe za miji yetu, na wazazi Wakristu hujiuliza kama huo ni mchezo wa watoto tu, au ni jambo la kuogopwa.

Wasomaji wapenzi, kabla ya kuhukumu yafaa kujua. Jina lenyewe la Halloween ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza cha zamani yenye maana ya mkesha wa Watakatifu Wote. Basi jina hilo ni mtoto wa Kanisa, ingawa amevaa nguo za ugenini. Sikukuu ya Watakatifu Wote tunaifahamu: Papa Gregori III, aliyetawala toka mwaka 731 hadi 741, aliweka wakfu kikanisa kwa heshima ya watakatifu wote ndani ya Kanisa la Mtakatifu Petro mjini Roma, na karibu na mwaka 835, katika siku za Papa Gregori IV, sikukuu ya tarehe 1 Novemba ikaenea katika dola ya Wafranki. Lakini siku ya pili yake, yaani tarehe 2 Novemba, tunapowaombea marehemu wote, haikuanzishwa na Papa wala na mtaguso. Ilianzishwa na mtawa mmoja wa Ufaransa kwa ajili ya watawa wenzake. Jina lake ni Odilo. Mtu akiyajua maisha yake ataelewa kwa nini watoto wa Halloween hugonga milango, na tena ataona ni kitu gani kilichopotea njiani.

Odilo alizaliwa karibu na mwaka 962 katika jimbo la Auvergne, katikati ya Ufaransa, katika ukoo wa kikabaila wa Mercœur. Alikuwa mtoto wa watu wenye mali, lakini miguu yake haikuwa na nguvu. Masimulizi ya kale yanaeleza kwamba siku moja watumishi waliokuwa wakimbeba safarini walimweka chini pamoja na mizigo mlangoni pa kanisa la Bikira Maria, wakaenda kutafuta chakula. Mtoto alipojiona yu peke yake, alitambaa mpaka ndani, akafika altareni, akashika kitambaa cha altare ajivute kwacho. Na papo hapo akasimama. Watumishi waliporudi walimkuta anakimbia. Alipokuwa kijana alirudi katika kanisa hilo, akajitoa kwa Mama wa Mungu awe mtumwa wake kwa maisha yote. Na kweli, hakuvunja ahadi hiyo.

Kwanza alikuwa kanoni katika kanisa la Mtakatifu Juliani mjini Brioude. Lakini mali na heshima za pale hazikumtosheleza. Karibu na mwaka 991 aliingia katika monasteri ya Cluny, katika nchi ya Burgundia, iliyokuwa ikiongozwa na abate mzee Mtakatifu Mayeul. Monasteri hiyo ilianzishwa mwaka 910 na mtemi Guillaume wa Aquitaine, naye hakutaka mtawala yeyote wa dunia awe na amri juu yake. Watawa wake walifuata Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ile ile wanayoifuata hapa kwetu watawa wa Peramiho na Ndanda. Mayeul alitambua mara moja ni mtu wa namna gani aliyempokea. Alimfanya msaidizi wake, na alipofariki mwaka 994, Odilo akashika nafasi yake kama abate wa tano wa Cluny. Aliishika kwa muda wa miaka hamsini na mitano.

Katika muda huo nyumba za watawa zilizokuwa chini ya Cluny ziliongezeka kutoka 37 hadi 65. Wafalme wa Ufaransa na makaisari wa Ujerumani walitaka shauri lake. Malkia Adelaide, mjane wa Kaisari Otto I, alikuwa rafiki yake, na alipofariki mwaka 999, Odilo ndiye aliyeandika habari za maisha yake. Mwaka 1031 Papa Yohane XIX alimpelekea pete na palio awe Askofu Mkuu wa Lyon, lakini Odilo aliomba asamehewe, akabaki na watawa wake. Wako waliomlaumu kwamba ni mpole mno kwa wakosefu. Yeye aliona ni afadhali kujibu mbele ya Mungu kwa ajili ya huruma iliyozidi, kuliko kwa ajili ya ukali uliozidi.

Tusidhani kwamba alikuwa mtu wa kukaa chumbani na vitabu vyake. Nyakati zake zilikuwa nyakati za taabu kubwa. Makabaila walipigana wao kwa wao, wakachoma mashamba na kunyang'anya mifugo ya wakulima wasiokuwa na kosa. Odilo alikuwa mmojawapo wa wale waliojitahidi kueneza Suluhu ya Mungu, yaani sheria ya Kanisa iliyokataza watu kupigana siku zile za juma zinazokumbusha mateso na ufufuko wa Bwana. Mwaka 1041 yeye pamoja na maaskofu wa kusini ya Ufaransa waliwaandikia maaskofu wa Italia kuwasihi waipokee sheria hiyo: kuanzia Jumatano jioni hadi Jumatatu asubuhi silaha zote zilale. Sheria hiyo haikumaliza vita, lakini ilimpa mkulima siku za kulima bila hofu.

Baada ya vita ilifuata njaa. Mwaka 1006 njaa kali iliipata nchi, na ikarudi tena kati ya mwaka 1030 na 1033, mvua zilipozidi hata mbegu zikaoza ardhini. Mtawa Rodulfus Glaber, aliyekaa Cluny na kumwandikia Odilo kitabu chake cha historia, ameeleza jinsi watu walivyokula majani na mizizi, na hata mambo ya kuogofya kuliko hayo. Katika shida hiyo Odilo alitoa chote kilichokuwa ghalani. Ghala lilipokwisha, alitoa hazina ya kanisa. Vyombo vya thamani viliyeyushwa na kuuzwa, hata zawadi walizoletewa watawa na Kaisari Mtakatifu Heinrich II, ili maskini wapate mkate. Hazina ilipokwisha, yeye mwenyewe alikwenda kuwaombea maskini kwa matajiri. Na mtu aliyekuwa na uwezo wa kukaa mezani pa wafalme hakuona aibu kuwa mwombaji.

Mtawa Jotsald, aliyekuwa mwanafunzi wake na ndiye aliyeandika maisha yake, amesimulia jambo moja ambalo halisahauliki. Siku moja ya baridi, Odilo akisafiri pamoja na wenzake, alikuta njiani maiti za watoto wawili, uchi kabisa, waliokufa kwa njaa na baridi. Watu wengine walikuwa wamepita. Abate alishuka katika mnyama wake, akavua nguo yake ya sufi aliyoivaa mwilini, akawafunika watoto wale, kisha akatafuta watu wa kuchimba kaburi, akawazika kwa sala zote za Kanisa. Hakuwajua majina yao wala wazazi wao. Hapakuwa na ndugu wa kumshukuru wala urithi wa kumlipa.

Wasomaji wapenzi, katika tendo hilo dogo tunaiona siku nzima ya tarehe 2 Novemba. Maana swali lililomsumbua Odilo lilikuwa hili: nani atawaombea wale ambao hawana mtu wa kuwaombea? Desturi ya kuwaombea wafu si yake yeye. Ni ya kale kuliko Ukristu wenyewe, kwa kuwa hata Yuda Makabayo alikusanya sadaka na kuipeleka Yerusalemu kwa ajili ya askari wake waliouawa. Watawa wa kila monasteri walikuwa na orodha ya marehemu wao na ya wafadhili wao. Tajiri aliyetoa shamba aliandikwa jina lake kitabuni, akaombewa kila mwaka. Lakini mkulima aliyekufa kwa njaa hakuandikwa po pote, wala watoto wale wawili wa njiani.

Pana hadithi iliyopendwa sana na wazee wetu wa imani, nayo imeandikwa na Jotsald, na baada yake na Mtakatifu Petro Damiani. Inasema kwamba mhujaji mmoja akirudi kutoka Yerusalemu alitupwa na dhoruba katika kisiwa, akamkuta huko mkaapweke. Mzee huyo akamweleza kwamba karibu na hapo pana mahali penye moto, na mara nyingi husikika mashetani wakilalamika kwamba roho nyingi zinaponyoka mikononi mwao kwa sababu ya sala na sadaka za watu wema, na hasa za watawa wa Cluny. Akamwagiza apeleke habari hizo kwa abate wao. Kanisa halitulazimishi kuamini hadithi hiyo. Lakini inatufundisha waliyoyaamini watu wa siku zile, kwamba sala na sadaka za walio hai zina nguvu hata ng'ambo ya kaburi.

Basi Odilo akatoa amri yake. Mwaka hutajwa mara nyingi kuwa 998, ingawa wako wanaoiweka karibu na mwaka 1030. Aliagiza kwamba katika nyumba zote za Cluny, tarehe 1 Novemba, yakiisha Masifu ya Jioni ya Watakatifu Wote, kengele zote zipigwe, na watawa waimbe Masifu ya wafu. Kesho yake asubuhi kengele zipigwe tena, Misa ya fahari iadhimishwe, na kila padre atoe sadaka ya Misa kwa ajili ya pumziko la roho za waamini wote waliokufa toka mwanzo wa dunia. Ndipo akaongeza sharti ambalo siku hizi watu wengi hawalijui: siku hiyo sadaka itolewe kwa maskini wote watakaofika, na maskini kumi na wawili wapewe chakula kwa jina la marehemu. Kwa Odilo, altare na meza ya maskini zilikuwa kitu kimoja. Hakuna aliyeruhusiwa kuwakumbuka wafu na kuwasahau wenye njaa.

Abate huyo alizeeka akiwa bado safarini. Mwishoni mwa mwaka 1048, akiwa na umri wa miaka themanini na zaidi, alikwenda kutembelea nyumba zake, akafika Souvigny, mahali alipozikwa mwalimu wake Mayeul. Huko aliugua. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 1049 alilazwa sakafuni juu ya gunia lililonyunyiziwa majivu, kama walivyofanya watawa wa zamani, akafariki katikati ya sala za ndugu zake. Mwaka 1063 mwili wake uliinuliwa kaburini kwa heshima ya watakatifu, na Petro Damiani alikuwapo. Mwaka 1793, wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, masalia yake yalichomwa moto, na baada ya miaka michache majengo ya Cluny yakabomolewa, hata leo imebaki sehemu ndogo tu. Makaburi hayana wa kujivunia. Lakini siku yake haikuchomwa. Ilikuwa imekwisha toka Cluny ikaenda katika majimbo ya Ufaransa, ya Ujerumani, ya Uingereza na ya Italia, mpaka Roma yenyewe ikaipokea. Mwaka 1915, vita kuu ilipokuwa ikijaza makaburi ya Ulaya, Papa Benedikto XV aliruhusu kila padre kuadhimisha Misa tatu siku hiyo.

Sasa turudi kwa watoto wa Halloween. Ile sadaka ya kuwalisha maskini kwa jina la marehemu iliingia katika mila za watu. Huko Uingereza wanawake walioka mikate midogo kwa ajili ya siku hizo mbili, na maskini pamoja na watoto walipita nyumba kwa nyumba wakipewa mkate, nao wakaahidi kuziombea roho za marehemu wa nyumba ile. Mwombaji wa siku ya Watakatifu Wote alijulikana sana hata Shakespeare anamtaja katika mchezo wake wa mabwana wawili wa Verona. Kisha katika karne ya 16 mafundisho juu ya toharani yalikataliwa huko, na siku ya marehemu ikaondolewa katika kalenda. Lakini watu hawakuacha kugonga milango. Mkate ulibaki, sala ikapungua.

Waairlandi nao walikuwa na mambo yao ya kale. Kabla ya kuwa Wakristu, walikuwa na sikukuu ya kuingia majira ya baridi, na wengi walisadiki kwamba usiku huo roho huzurura duniani. Walichonga taa kwa mizizi minene ya shambani, mfano wa figili kubwa, na kuzitia sura za kutisha. Njaa ya viazi ilipowapata kuanzia mwaka 1845, mamia ya maelfu walivuka bahari kwenda Marekani pamoja na desturi zao. Huko wakakuta boga, ambalo ni kubwa na jepesi kuchonga. Katika karne ya 20 wafanyabiashara wakaongeza mavazi na peremende. Hivyo ndivyo sikukuu ya leo ilivyopatikana. Mtoto wa zamani aligonga mlango akapokea mkate na kulipa kwa sala; mtoto wa leo hugonga mlango akapokea peremende, na marehemu hawapati kitu, isipokuwa kufanyiwa mzaha.

Hatusemi kwamba mtoto aliyevaa barakoa ametenda dhambi. Tunasema kwamba Mkristu anayo njia iliyo bora. Mzaha na hofu ni ndugu wawili: anayeogopa sana wafu, na anayewacheka, wote wawili hawajui la kuwafanyia. Odilo alijua. Aliwaona kama ndugu walio safarini, wanaohitaji masurufu.

Lakini tukiwahukumu wengine kwa boga lao, tujitazame na sisi. Hapa kwetu wafu huheshimiwa. Matanga hujaa watu, sahani hujaa wali na nyama, na mara nyingi anayeshiba ni yule aliyekuja ameshiba. Siku chache baadaye, katika baadhi ya familia zetu, ndugu wa marehemu hurudi nyumbani kwa mjane. Si kumwuliza watoto wamekula nini, bali kuhesabu vyombo, kuchukua mabati, na kumwonyesha mipaka mipya ya shamba. Wengine wao ndio hao hao wanaoleta bahasha ya Misa tarehe 2 Novemba na jina la marehemu limeandikwa vizuri. Tuseme wazi: mtu anayemnyang'anya mjane na kisha kumwombea mumewe, anabomoa kwa mkono mmoja anachojenga kwa mkono wa pili. Abate aliyeyeyusha vyombo vya kanisa ili maskini wale, angesema nini juu ya Mkristu anayechukua sufuria ya yatima?

Basi mwaka huu tuishike siku hii kama alivyoiweka mwenyewe. Toka tarehe 1 hadi 8 Novemba Kanisa linatoa rehema kamili, ya kuwatolea marehemu, kwa mwamini anayezuru makaburi na kuwaombea wafu, akitimiza masharti ya kawaida: kitubio, Komunyo Takatifu, sala kwa nia za Baba Mtakatifu, na moyo usioshikamana na dhambi yo yote. Tuende makaburini, tufyeke nyasi, tuwashe mishumaa, tusali. Tusipite kaburi lisilo na msalaba wala jina. Hapo ndipo Odilo angesimama kwanza. Wazazi wawachukue watoto wao, wawaonyeshe walipolala babu na bibi, ili wajifunze kuwapenda wafu badala ya kuwaogopa.

Na tukirudi nyumbani, kila familia itenge chakula cha siku hiyo kwa ajili ya mtu mmoja mwenye shida: mjane, yatima, mgonjwa asiye na wa kumtazama. Tusimngoje agonge mlango. Sisi tuugonge wa kwake. Tumpelekee kwa jina la marehemu wetu, tumwombe naye atusaidie kusali. Haitachukua gharama ya barakoa moja wala ya mlo mmoja wa matanga.

Mtakatifu Odilo, uliyewafunika kwa vazi lako watoto wasio na jina, utuombee sisi na marehemu wetu wote. Wapumzike kwa amani.